Ndagara, Omukama wa Karagwe aliyefua chuma

Karagwe ya karne ya 19 inapotajwa, jina linalokuja haraka ni la Rumanika, mwenyeji wa Speke na Grant waliofika kwake Novemba 1861. Baba yake, Ndagara, amesahauliwa pembeni, ingawa kazi za mikono zinazohusishwa naye ndizo zilizoipa Karagwe nafasi katika historia ya sanaa ya Afrika.

Ndagara alikuwa wa ukoo wa Bahinda, watawala waliohesabu utajiri wao kwa ng'ombe. Makao yake yalikuwa Bweranyange, katika wilaya ambayo Kihanga nayo imo. Masimulizi ya huko humtaja kuwa Omukama aliyeshika nyundo mwenyewe na kufua sanamu za ng'ombe kwa chuma. Jambo hilo si dogo. Katika falme za Maziwa Makuu, nyundo na fuawe vilikuwa alama za utawala sawa na ngoma. Mhunzi aliligeuza jiwe kuwa jembe na mkuki. Mtawala naye alitarajiwa kuleta rutuba ya mashamba na mifugo. Ng'ombe wa chuma aliyaunganisha yote hayo.

Alifariki katika miaka ya 1850. Wanawe watatu waligombea kiti, na kwa simulizi aliyopewa Speke, ni Rumanika pekee aliyeweza kuiinua ngoma ya ufalme. Ndugu yake Rogero hakukubali, vita vikafuata.

Stanley alipofika mwaka 1876, Rumanika alimwonyesha nyumba ya hazina. Humo aliona bata wapatao 16 wa shaba, sanamu 10 za pofu na ng'ombe 10 wa shaba wasio na vichwa, pamoja na silaha za chuma. Aliviorodhesha kama vioja vya safari, na kwa miaka mingi vilisomwa hivyo hivyo.

Israel Katoke, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ufalme wa Karagwe, aliirudisha historia hiyo kwa wenyewe. Mwaka 1995 wanaakiolojia Andrew Reid na Rachel MacLean wakaonyesha jinsi uhunzi na ufalme vilivyoshikana huko.

Wakati huo utemi ulikwisha kufutwa, mwaka 1963, na ngoma na nyundo zikapoteza kazi yake. Nyumba aliyoingia Stanley haipo tena.