Daktari Livingstone, Mtu wa Kazi Nyingi

Ndugu wasomaji, wazee wa sharika na waalimu wa Injili, mara nyingi twasikia manung'uniko ya mtu aliyepewa kazi nyingi kwa wakati mmoja: darasa la ubatizo, hesabu ya sadaka, wagonjwa wa kuzuru, na shamba lake mwenyewe linalomngoja. Kwa hiyo sisi tukaao huku Choma twapenda kuwakumbusha habari za mtu aliyekaa katika nchi hii yetu, huko Kwihara karibu na Tabora, ambaye kazi zake zilikuwa nyingi kuliko mikono yake. Ndiye Daktari David Livingstone.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, nchi ya Uskoti, katika nyumba ya watu maskini. Alipopata umri wa miaka 10 alitiwa katika kiwanda cha kusokota pamba, akafanya kazi tangu saa 12 asubuhi hata saa 2 usiku. Kwa ujira wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mtambo, akasoma maneno machache kila alipopita mbele yake. Na usiku alikwenda shule. Hivyo alijifunza tangu utoto kuipa kila kazi mahali pake.

Baadaye alisoma uganga na elimu ya dini, akawekewa mikono mwaka 1840, akasafiri mpaka Afrika ya Kusini. Kati ya mwaka 1853 na 1856 alitoka Linyanti akafika Luanda upande wa magharibi, kisha akarudi na kuvuka bara hata Quelimane upande wa mashariki. Safarini alikuwa mhubiri, mganga, mpima nchi na mwandishi, yote pamoja.

Walakini tusimsifu kupita kiasi. Safari yake ya mto Zambezi, tangu 1858 hata 1864, ilimshinda kwa sehemu kubwa. Alijua kuipanga kazi yake mwenyewe, lakini hakujua vema kuwaeleza wenzake wa Ulaya shauri lake, nao wakagombana.

Mwaka 1866 alianza safari ya mwisho, atafute chanzo cha mto Nile na kuchunguza biashara ya watumwa. Januari 1867 mpagazi alitoroka na sanduku la dawa. Hata karatasi zikamwishia. Mwaka 1871 huko Manyema aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa maji ya matunda ya mwituni. Kwa wino huo aliandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, ya tarehe 15 Julai 1871. Hakungoja karatasi nzuri. Aliporudi Ujiji alikuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa na yule aliyepewa kuzitunza. Huko Stanley alimkuta, wakaja pamoja hata Kwihara mwezi wa Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley alishika njia ya pwani, akichukua barua za Livingstone na daftari lake lililotiwa lakiri.

Livingstone alibaki katika tembe miezi mitano, akingoja wapagazi kutoka Unguja, na nchi ilikuwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Angeweza kukaa bure na kulalamika. Bali alipiga hesabu za vipimo vya safari zilizopita, akaandika barua nyingi, na tarehe 1 Mei akamaliza ile ya kuwaomba watu wa Marekani wasaidie kukomesha biashara ya watumwa. Hata jibini alitengeneza kwa chakula cha njiani. Habari za siku ziliandikwa katika daftari. Wapagazi zaidi ya 50 walipofika mwezi wa Agosti, tarehe 25 mwezi huo huo akaondoka.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Ndipo Susi na Chuma walipoyafungua masanduku mbele ya wenzao, wakamwita Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na misioni huko Nasik, Bara Hindi, aandike kila kitu kilichokuwamo. Moyo waliuzika chini ya mti, na mwili wakaukausha kwa jua, wakauchukua. Oktoba 1873 walifika tena Unyanyembe. Cameron, Mwingereza, aliwashauri wauzike hapa, wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwili ulizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Daftari zake zilichapwa kuwa kitabu mwaka huo huo.

Chanzo cha Nile hakukiona. Lakini habari za Nyangwe, zilizopelekwa na Stanley, ziliwachochea Waingereza kumshurutisha Sultani Barghash alifunge soko la watumwa la Unguja mwezi wa Juni 1873. Livingstone alikuwa amekwisha kufa, asijue.

Basi ndugu, ya leo tuyaandike leo, hata kama karatasi ni mbovu. Vitabu vya usharika viwekwe mahali ambapo mwenzetu ataviona siku tusipokuwapo. Tena tuwaeleze wasaidizi wetu kazi yao, tusije tukashindwa palepale aliposhindwa Livingstone. Bwana wetu alipowalisha makutano aliwaketisha kwanza kwa safu, na walipokwisha kushiba aliagiza mabaki yakusanywe. Mungu atujalie kuzitunza hivyo kazi zake, ili watakaotufuata wapate kuzichukua mbele.