Bruce Lee: Mkali wa Ngumi Aliyeishi na Daftari

Kama umekulia Eastlando, iwe Kaloleni, Jericho ama Kayole, lazima ulishajaribu teke la Bruce Lee sebuleni ukavunja kitu ya mathee. Chenye wasee wengi hawajui ni kwamba huyu jamaa alikuwa mtu wa kuandika.

Alizaliwa San Francisco 1940, akalelewa Hong Kong, na huko mzee Ip Man akamfunza Wing Chun. Mwaka wa 1958 alishinda shindano la kudansi cha-cha, na stepu zake alikuwa anaziandika ndio zisimtoke. 1959 akasepa Marekani. Huko alikusanya vitabu kibao, vya ndondi na hata vya kupigana kwa upanga. Mapigano ya Muhammad Ali aliyacheki kwa filamu akisoma miguu ya bingwa. Mbinu ikifanya kazi mwilini, anabaki nayo. Isipofanya, anaitupa.

1970 aliumia mgongo akiinua chuma. Madaktari wakamwambia mateke imeisha. Alikwama nyumbani miezi kadhaa, na hapo ndipo alijaza madaftari na kila kitu alichojua. Kisha akainuka, akacheza zile filamu zilizomfanya nyota.

Alidedi Hong Kong, Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32 tu. Maandishi yake yakatoka kama kitabu 1975, *Tao of Jeet Kune Do*.

Sasa wewe unayetoka mazoezi social hall na ukifika kwa keja umesahau nusu, daftari ni bei gani?