Samuel Coleridge-Taylor, Mtungaji wa Muziki

Tukitaja watungaji wa muziki wa Ulaya, wengi wetu hutaja Bach, Handel na Beethoven, kisha tunanyamaza. Muhula huu napenda kuwaeleza habari za mtungaji ambaye baba yake alikuwa Mwafrika, na ambaye zamani nyimbo zake ziliimbwa na kwaya nyingi sana za Uingereza.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alitoka Sierra Leone kwenda kusomea udaktari. Alirudi Afrika kabla mtoto hajazaliwa, wala hakujua kwamba amepata mwana. Mama yake, Alice, alikuwa Mwingereza. Alimlea huko Croydon, karibu na London, pamoja na babu yake, fundi wa kuwavika farasi viatu vya chuma. Babu huyo alimfundisha mjukuu wake kupiga fidla, na alipoona kipaji chake akamlipia mwalimu. Nadhani fundi huyu anastahili sifa kuliko anavyopewa.

Mwaka 1890 Samuel aliingia Chuo cha Kifalme cha Muziki, akiwa na miaka 15. Baadaye alianza kusoma utungaji kwa Charles Stanford, mwalimu mkali aliyempenda. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alipomtukana kwa ajili ya rangi yake, Stanford alimtuliza kwa kumwambia kuwa kidole chake kidogo kina muziki zaidi ya mwili wote wa yule mwenzake.

Tarehe 11 Novemba 1898 Stanford aliongoza kwa mara ya kwanza kazi ya mwanafunzi wake, Hiawatha's Wedding Feast, iliyotungwa kwa shairi la Longfellow juu ya wenyeji wa asili wa Marekani. Hata Arthur Sullivan, mtungaji mashuhuri, alikuja kusikiliza ingawa alikuwa mgonjwa. Samuel alikuwa na miaka 23 tu.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea. Kijana huyu alikuwa amewauzia wachapaji haki zote za kazi hiyo kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Vitabu vya muziki huo viliuzwa kwa mamia ya maelfu, na kwaya zikauimba mji hata mji, lakini mtungaji hakupata hata senti moja zaidi katika mauzo hayo. Wachapaji hawakuvunja sheria yo yote. Mapatano yalikuwa mapatano. Basi ikambidi afundishe, aongoze kwaya na okestra, na kuwa mwamuzi katika mashindano ya uimbaji, akisafiri kwa treni huku na huko ili kuwalisha mkewe Jessie na watoto wao wawili.

Marekani alikwenda mara tatu, mwaka 1904, 1906 na 1910. Huko Washington watu weusi walikuwa wameunda kwaya yenye jina lake tangu mwaka 1901, naye akaenda kuiongoza mwenyewe. Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Ikulu, heshima ambayo watu weusi wachache sana waliipata siku zile. Mwaka 1905 alitoa nyimbo 24 za watu weusi, za Afrika na za Marekani, alizozitengeneza kwa kinanda.

Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka katika stesheni ya West Croydon akingojea treni. Alikufa kwa kichomi tarehe 1 Septemba, akiwa na miaka 37. Mfalme George wa Tano alimpa mjane malipo ya pauni 100 kwa mwaka, na tamasha la ukumbusho katika Royal Albert Hall lilipata zaidi ya pauni 1,400 kwa ajili ya jamaa yake. Habari za gini 15 zikazungumzwa sana na watungaji wenzake. Mwaka 1914 kikaanzishwa chama cha kukusanya malipo kila muziki wa watungaji unapopigwa mbele ya watu.