Hendrix hakudharau visanduku vya dukani

Upo ubishi usioisha miongoni mwa wapiga gitaa, nao unahusu visanduku vidogo vya chuma vinavyowekwa sakafuni na kukanyagwa ili kuugeuza mlio wa gitaa la umeme. Wenyewe huviita pedali. Kimoja huufanya mlio ukwaruze, kingine huufanya uyumbe kama maji mtungini, kingine huurudia mithili ya mwangwi wa bondeni. Viwanda huvitoa kwa wingi, vyote sawa kwa rangi na umbo, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kile cha Boss kiitwacho DS-1, cha rangi ya machungwa, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 1978, wako wanaokiapia na wako wanaodai kwamba mlio wake ni wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nduguye Metal Zone, aliyezaliwa 1991, ametukanwa mno, na hata hivyo wanunuzi hawajamkimbia. Kile cha kijani cha Ibanez, Tube Screamer, hupendwa hadi kukaribia kuabudiwa, ilhali nacho ni mali ya kiwandani kama wenzake.

Nimekaa na wanafunzi wa muziki muda wa kutosha kujua kwamba ubishi huu si mchezo mtupu. Kuna kijana mwenye vidole vyepesi na sikio zuri anayeliweka gitaa kando kwa sababu ameambiwa kwamba kisanduku alichokimudu ni takataka, na kwamba asipopata kile cha bei kubwa, kilichoungwa kwa mkono na fundi wa ng'ambo, hatasikika. Upande wa pili kuna mwalimu mwenzangu anayeshikilia kwamba visanduku vyote ni hila, kwamba muziki ni nyuzi na vidole basi, na kwa ajili hiyo hataki hata kuliona gitaa la umeme katika chumba chake. Hawa wawili hawakubaliani katika lolote, lakini nadhani wote wangefaidika kwa kuyasoma maisha ya mtu mmoja.

Jimi Hendrix alizaliwa mjini Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, tarehe 27 Novemba 1942. Jina alilopewa kwanza ni Johnny Allen. Babake, Al, aliporudi kutoka jeshini alimbadilishia akamwita James Marshall. Nyumba yao ilikuwa ya dhiki. Wazazi waliachana, na mama, Lucille, akafariki mapema mwaka wa 1958 mwana akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Shuleni mtoto huyu alijulikana kwa kutembea na ufagio akijifanya anapiga gitaa. Mwaka wa 1957, alipokuwa akimsaidia babake kuondoa takataka katika nyumba ya mama mmoja mzee, aliokota kigitaa kidogo cha aina ya ukulele chenye uzi mmoja tu, akajifunzia hapo. Gitaa lake la kwanza halisi lilinunuliwa kwa dola 5. La umeme, aina ya Supro, alinunuliwa na babake mwaka wa 1959.

Alitumia mkono wa kushoto. Magitaa ya watu wa mashoto yalikuwa adimu na ghali, kwa hiyo alilichukua la mkono wa kulia, akaligeuza juu chini, akazipanga nyuzi upya. Aliendelea hivyo hata alipokuwa na uwezo wa kuagiza lolote alitakalo. Kusoma noti hakujua. Naliandika hili nikijua kuna mwanafunzi atakayelikata na kulibandika ukutani, lakini huyo na akumbuke pia kwamba Hendrix alilala na gitaa, akaamka nalo, na kulibeba hata alipokwenda kutazama sinema.

Mwaka wa 1961 alikamatwa mara mbili ndani ya magari ya wizi, akachaguliwa baina ya kifungo na jeshi. Akaenda jeshini, katika kikosi cha waruka kwa miavuli kilichokuwa Fort Campbell, jimbo la Kentucky. Huko, askari mwenzake Billy Cox alikuwa akipita nje ya ukumbi aliposikia gitaa likipigwa, akaingia kumtafuta mpigaji. Urafiki wao ulidumu hadi mwisho. Jeshi lenyewe halikumfaa wala yeye hakulifaa, na mwaka wa 1962 akaachiliwa.

Miaka minne iliyofuata ndiyo ambayo wabishi wa pedali huiruka. Alizunguka majimbo ya kusini akiwapigia wengine: ndugu wa Isley, Little Richard ambaye hawakuelewana, na wengine wengi wasiokumbukwa leo. Alipigia katika kumbi ndogo za Wamarekani weusi, kwa malipo ya kubahatisha, nyuma ya mwimbaji, akiwa ameamriwa asijitokeze. Ni katika kazi hiyo ya kuwa mkono wa mtu mwingine alijifunza kupiga uzi wa besi kwa kidole gumba huku vidole vingine vikipamba juu. Alipofika mtaa wa Greenwich Village mjini New York mwaka wa 1966, akiwa na bendi yake ndogo, mkono ulikuwa umekwisha kukomaa. Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa The Animals, alimsikia hapo, akamchukua hadi London. Walitua tarehe 24 Septemba 1966.

Basi sasa tufike kwenye visanduku. London ya mwaka huo ilikuwa na duka na karakana ya Arbiter, na katika mwaka uo huo Arbiter walikuwa wametoa kisanduku cha duara, kikubwa kama sahani, chenye vifundo viwili na swichi moja vilivyopangwa kama macho na pua. Wakakiita Fuzz Face. Umbo lile, inasemekana, lilitokana na kitako cha mlingoti wa maikrofoni. Ndani hamkuwa na mengi: transista mbili, vipande vichache vya waya na vifaa vingine, na betri. Walimu wa fizikia watanielewa nikisema kwamba kazi yake ni kulikuza wimbi la sauti kupita kiasi hata vilele vyake vikakatwa. Wimbi lililokatwa vilele huzaa milio mingine ya juu ambayo haikuwamo mwanzoni, na huo ndio mkwaruzo.

Transista za kwanza za Fuzz Face zilikuwa za jemani, madini yasiyotabirika. Mbili zilizotoka katika mfuko mmoja hazikufanana. Fauka ya hayo, joto liliziharibia tabia: kisanduku kilichoimba vizuri mchana wa baridi kilikoroma chini ya taa za jukwaani. (Lau kingeletwa Mombasa mwezi wa Februari, sijui mwenyewe angefanyaje.) Baadaye kiwanda kilihamia transista za silikoni, zilizo thabiti zaidi na kali zaidi, na hadi leo wapiga gitaa wamegawanyika makundi mawili juu ya jambo hilo kama mashabiki wa Gor Mahia na wa AFC Leopards.

Hendrix alifanyaje? Hakukitupa akakitafuta cha fundi mashuhuri. Roger Mayer, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa mitambo ya sauti katika idara ya jeshi la majini na aliyekuja kuwa rafiki na fundi wake tangu mapema 1967, amesimulia jinsi walivyozoea kuvijaribu vingi vya aina moja wakabakisha kile kilichokaa sawa. Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa kuna mkulima hodari aliyechagua jembe, tena kwa makini. Lakini tuangalie alichagua nini. Aliingia katika rundo la majembe yale yale ya dukani akayapima moja moja kwa sikio. Hakuchagua kwa jina, kwa bei, wala kwa maneno ya mtu mwingine.

Halafu kuna jambo ambalo halionekani katika picha. Kifundo cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe alikigeuzageuza bila kukoma. Fuzz Face ina tabia njema: ukipunguza sauti kwenye gitaa, mkwaruzo hupungua nao hadi mlio unakaribia kuwa safi, ukiiongeza, unarudi. Kwa hiyo alikiacha kisanduku kimewashwa na kukiongoza kwa kidole. Mwanafunzi anayekikanyaga na kukiacha kinguruma wimbo mzima, kisha akalalamika kwamba hakina roho, hajakitumia bado.

Kisanduku cha pili kilikuwa cha wa-wa, chenye kanyagio linalopanda na kushuka kama la cherehani. Wahandisi wa kampuni ya Thomas Organ huko California walikitengeneza mwaka wa 1966, na kikauzwa kwa jina la Vox na kwa jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta aliyesifika kwa kuiziba tarumbeta yake ikalia kama binadamu. Ndani mna chujio linalotia nguvu sehemu moja ya sauti, na mguu huisogeza sehemu hiyo kutoka chini hadi juu, sawasawa na kinywa kinapotoka kwenye u kwenda kwenye a. Wengi walikifanya kichekesho. Hendrix, katika ufunguzi wa Voodoo Child (Slight Return), uliorekodiwa mwezi wa Mei 1968, anazipiga nyuzi zilizozibwa, zisizotoa noti yoyote, na kanyagio peke yake ndilo linaloongea. Ni ngoma na ni sauti ya mtu kwa wakati mmoja. Mwalimu mwenzangu asemaye kwamba visanduku ni hila namwomba asikilize dakika ile moja, kisha anieleze hila iko wapi.

Haki inanilazimu niseme kwamba si vyote vilitoka dukani. Octavia, kile kinachosikika katika kipande cha gitaa cha Purple Haze, kilichorekodiwa Februari 1967, Mayer alikiunda kwa mikono yake. Hukikunja chini ya wimbi kuelekea juu, na hivyo kuzaa noti iliyo oktavu moja juu ya ile iliyopigwa. Wapenzi wa pedali za mafundi hukishika kisa hiki kama ngao. Mimi nakiona vingine. Mayer na Hendrix walikuwa wakitafuta mlio ambao hakuna duka lililokuwa nao. Hawakuwa wakikikimbia kitu kwa kuwa kila mtu anacho.

Cha nne kilitoka Japani. Uni-Vibe, kazi ya mhandisi Fumio Mieda wa kampuni ya Shin-ei, kilikusudiwa kuiga spika inayozunguka, ile iliyozoeleka kwenye vinanda vya umeme. Ndani yake kuna kibalbu kidogo kinachowaka na kufifia kwa mapigo, kikizungukwa na vihisi vinne vya mwanga, na ndicho kinachoufanya mlio uyumbe. Wapo waliokikosoa kwamba hakifanani hata kidogo na spika izungukayo. Kweli hakifanani. Alikuwa nacho Woodstock, asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 Agosti 1969, wakati sehemu kubwa ya umati ilikuwa imekwisha kwenda nyumbani, alipoupiga wimbo wa taifa la Marekani kwa namna iliyowafanya waliobaki wasikie mabomu na ndege za vita ya Vietnam ndani ya nyuzi sita. Usiku wa kuamkia mwaka wa 1970, katika ukumbi wa Fillmore East mjini New York, akiwa na Billy Cox yule wa jeshini na mpiga ngoma Buddy Miles, alianza kuviweka visanduku hivi vyote pamoja katika Machine Gun. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizotuachia, kubwa kuliko hata gitaa lililochomwa moto jukwaani Monterey mwezi wa Juni 1967, tukio ambalo wanafunzi hulikumbuka zaidi kwa sababu lina picha.

Mwezi wa Agosti 1970 alifungua studio yake mwenyewe mjini New York, Electric Lady. Hakuifaidi. Tarehe 18 Septemba 1970 alifariki mjini London baada ya kumeza vidonge vya usingizi kupita kiasi, akasongwa na matapishi yake. Mchunguzi wa kifo hakufikia uamuzi wa wazi kuhusu yaliyotokea. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Jambo hili sitalipamba, kwa kuwa nimewahi kuwasikia vijana wakilizungumza kana kwamba ni sehemu ya ufundi wake. Alizikwa Renton, karibu na Seattle, tarehe 1 Oktoba. Muda wake wote wa umaarufu, tangu kutua London, haukutimia miaka minne.

Visanduku vyenyewe havikufa. Fuzz Face na wa-wa hutengenezwa hadi leo, kwa wingi, vingine vikiwa na jina lake ubavuni, na wapo wapiga gitaa wanaovicheka kwa sababu hiyo hiyo ya wingi. Vile vya asili vya miaka ya sitini sasa ni mali ya wakusanyaji, navyo huuzwa kwa fedha ambazo Hendrix wa mwaka 1966 asingeziota. Wanunuzi huulizia mwaka, rangi na namba zilizochapwa juu ya transista, na wengine hulipa kabla ya kuchomeka gitaa. Bila shaka miongoni mwa hivyo vinavyogombewa vimo vingi vya namna ile ambayo yeye na Mayer wangevijaribu mara moja, wakavirudisha katika rundo.