Kabla ya Mzinga wa Klabu Kulikuwa na Mzinga wa Kitui: Stori ya Kivoi wa Mwendwa

Cheki hii kwanza. Mwaka wa 2011, chupa moja ya waini nyeupe iliuzwa London kwa pauni 75,000. Chupa moja, buda! Ilikuwa Château d'Yquem ya mwaka wa 1811, kutoka shamba la Ufaransa ambalo familia ya Lur-Saluces ililishikilia kizazi baada ya kizazi.

Sasa rudi nyumbani. Wakati zabibu hizo zinavunwa, huku Kitui kulikuwa na kijana anaitwa Kivoi wa Mwendwa. Inasemekana alizaliwa miaka ya 1780. Hakuwa na shamba la zabibu, lakini usidhani kwao hakukuwa na kinywaji cha heshima.

Wewe ukisikia mzinga unawaza ile chupa kubwa ya keroro. Mkamba wa enzi hizo alikuwa anawaza gogo lililochimbwa ndani, linaning'inia juu ya mti, limejaa nyuki. Kila mzinga ulikuwa na alama ya ukoo au ya mwenyewe, na ole wako uguse wa wenyewe. Asali iliyotoka humo ilichanganywa na maji ndani ya kibuyu, ikawekewa miatine, lile tunda Wakikuyu wanaita muratina, kisha ikaachwa mahali pa joto ichache. Hiyo ndiyo ilikuwa uki ya asali. Haikuwa ya kila mtu: wazee ndio walikunywa, na kabla ya kuonja walimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana kama wewe ungeangalia tu kwa macho.

Kivoi alipanda hadi akakaa na hao wazee, tena mbele. Na usidanganywe na hilo jina la chifu. Hakuna serikali iliyomteua, kwa sababu serikali yenyewe haikuwepo. Ukubwa wake ulitoka kwa biashara. Alikusanya pembe za ndovu, akapanga msafara wa watu mamia, akaushusha hadi Mombasa. Ile safari ilikatiza nyika za Kikumbulyu, upande wa Kibwezi huko Makueni ya leo. Jua kali, maji hakuna, simba wapo. Waliofika pwani walirudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mtu aliyeweza kupeleka mbogi kubwa hivyo na kuirudisha hai, huyo aliheshimika bila kuulizwa.

Huko pwani ndiko alikutana na mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyekaa Rabai. Mwaka wa 1849 Krapf akamfuata hadi Kitui. Kivoi akampa stori ya mlima mrefu wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, mawingu yakafunguka, na Krapf akauona kwa macho yake. Jina alilosikia akaliandika Kegnia. Wasomi wengine Ulaya walimcheka, eti theluji karibu na Ikweta haiwezekani. Kivoi hakuhitaji msomi amthibitishie, alishaujua mlima wake.

Halafu mambo yakaharibika. Agosti 1851, Kivoi na Krapf walishika njia kuelekea mto Tana. Karibu na mto wakavamiwa na majambazi wenye mishale. Wengi kwenye msafara wakahepa. Kivoi alibaki na watu wachache, akauawa hapo hapo.

Krapf akapotea porini peke yake. Alifika mtoni, akakunywa, lakini hakuwa na chombo cha kubebea maji. Akajaza mtutu wa bunduki na kifuko cha darubini, kisha akaanza kurudi akitembea usiku. Hata hayo maji hayakumfikisha mbali. Fikiria: jamaa aliyekuwa mgeni wa mzee mkubwa zaidi Kitui, sasa anatafuta tone moja.

Alipofika kwa ndugu za Kivoi, hakupokewa kwa kibuyu. Walimuuliza kwa nini yeye yuko hai na mzee wao amekufa. Kwao, ukisafiri na mtu unamlinda au unaanguka naye. Akaona dalili za kuuawa, akatoroka usiku hadi akarudi Rabai.

Hapo ndipo inauma. Krapf yuko kwenye kila kitabu cha historia. Kivoi mara nyingi anapewa sentensi moja, kama vile alikuwa tu wa kuonyesha njia. Na bado, toa kitambulisho chako sasa hivi uangalie jina la nchi. Hilo jina lilifika kwenye daftari la mzungu kupitia nyumba ya mzee wa Kitui.

Kwa hivyo wikendi hii mkifungua mzinga na mbogi yako, mwaga kidogo chini kabla hujaonja. Kuna mzee anadai.