Origen na roho zinazodaiwa kurudi

Huenda umewahi kukaa matangani ukasikia mtu akisema marehemu atarudi, atazaliwa na mama mwingine katika mwili mwingine. (Hasemi habari za Nikodemo.) Akibanwa kwa Maandiko, hudai kwamba Kanisa la kwanza lilifundisha hivyo, na shahidi wake ni Origen. Basi twende kwa Origen mwenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 185, Aleksandria ya Misri, mkubwa kati ya ndugu saba wa kiume. Baba yake, Leonides, alimfundisha Maandiko tangu utoto. Mwaka 202 Wakristo walipoteswa, Leonides alikamatwa. Kijana hajatimiza miaka 17, akataka kwenda kufa naye. Mama alimsihi, hakusikia. Mwishowe akamficha nguo zote. Mfikirie mama huyo: mume yuko gerezani, watoto saba wanamtegemea, naye anahangaika kuficha nguo za mwanawe! Origen akabaki ndani, lakini akamwandikia baba yake asije akaikana imani kwa ajili yao. Leonides aliuawa, mali yao ikataifishwa.

Tangu hapo Origen alifundisha waliojiandaa kubatizwa, na baadhi ya wanafunzi wake waliuawa pia. Alilala sakafuni, akaandika vitabu vingi mno. Swali lililomsumbua ni lile linalokujia wewe ukiingia wodi ya watoto: Mungu ni wa haki, mbona mmoja anazaliwa mzima na mwingine kipofu? Akawatazama Yakobo na Esau, waliotofautishwa wangali tumboni, akakisia kwamba roho ziliumbwa kabla ya miili, zikamwacha Mungu kila moja kwa kadiri yake, na hali tunazozaliwa nazo zimetokana na hayo.

Hapo mimi simfuati. Utamwambiaje mama kwamba mtoto wake kipofu alikosa kabla ya kuzaliwa? Wanafunzi wa Yesu waliuliza jambo kama hilo katika Yohana 9, naye akakataa. Kanisa nalo lilikataa: Kaisari Justinian alililaani fundisho hilo mwaka 543, na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ukamtaja Origen pamoja na wazushi, wakati huo ameshakaa kaburini miaka 300 hivi. Ndipo ulipoanzia uvumi kwamba mtaguso ulifuta habari za kurudi kwa roho katika Biblia. Lakini Biblia za Kigiriki zilizonakiliwa kwa mkono katika karne ya 4 zipo hadi leo, na habari hizo hazimo.

Kukisia kwamba roho ilikuwapo kabla ya mwili ni jambo moja; kusema inahama mwili hadi mwili ni jingine. Origen, akiishi sasa Kaisaria ya Palestina, alipofafanua Injili ya Mathayo alifika pale Yohana Mbatizaji anapohusishwa na Eliya. Alikataa waziwazi kwamba roho ya Eliya ilihamia kwa Yohana, akasema mitume hawakutuachia fundisho hilo. Alishika neno la malaika kwa Zakaria, kuhusu roho na nguvu za Eliya. Tena akauliza: kama roho hurudi mwilini kila zinapokosa, dunia itafikaje mwisho ulioahidiwa? Yeye alitumaini ufufuo. Mwili unazikwa kama mbegu ile ya Paulo, unaamka umegeuzwa, na mtu ni yule yule.

Mwaka 250, chini ya Kaisari Decius, alitiwa gerezani akiwa na zaidi ya miaka 60. Walimvika chuma shingoni, wakainyoosha miguu yake katika mkatale siku nyingi, wakamtishia moto. Hakimu aliangalia sana asife, maana alimtaka akane. Hakukana. Decius alitangulia kufa, vitani. Mzee alitoka na mwili uliovunjika, akaandika barua za kuwafariji wengine, akafa miaka michache baadaye, akiwa na miaka 69. Husimuliwa kwamba alizikwa Tiro.