William Painter, fundi aliyeweka taji juu ya chupa

Kila jioni katika nganda za Goma, Bukavu na Lubumbashi, vifuniko vya Primus na Simba vinaanguka chini, na watoto wanaviokota kwa kuchezea dama. Mtu akihesabu meno ya kifuniko kimoja, kwa kawaida atakuta 21. Mwanzoni yalikuwa 24, na aliyeyaweka ni William Painter, fundi wa Marekani.

Painter alizaliwa Novemba 20, 1838 huko Triadelphia, jimbo la Maryland, katika familia ya Wakristo Waquaker. Mwaka wa 1865 alihamia mji wa Baltimore, akawa msimamizi katika karakana ya mashini. Katika maisha yake alipata hati za uvumbuzi 85.

Wakati huo, wenye viwanda vya bia na limonadi walikuwa na shida moja: gesi. Kizibo cha koki, kinachokatwa katika gome la mti, kiliziba vizuri, lakini kilihitaji kufungwa kwa waya ili kisiruke. Tena chupa ikisimama siku nyingi, koki inakauka na gesi inatoroka. Vizibo vya waya na mpira vilifunguliwa kwa urahisi, lakini vilirudi kiwandani pamoja na chupa na kuvisafisha kulikuwa kazi. Chuma nacho, kikigusa kinywaji, kiliharibu ladha. Kila chupa iliyopoteza gesi ilikuwa hasara.

Painter hakuchagua upande mmoja. Alichukua kifuniko chembamba cha chuma, akakikunja pembeni kiwe na meno ya kushika mdomo wa chupa, kisha ndani akaweka kipande chembamba cha koki. Chuma kilileta nguvu, koki ikaziba. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1892, na kwa kuwa kifuniko kilifanana na taji, kampuni aliyoianzisha Baltimore mwaka huo iliitwa Crown Cork & Seal.

Lakini kuuza hakukuwa rahisi. Kifuniko hicho kilidai chupa zenye midomo sawasawa na mashini mpya, na wenye viwanda waliogopa gharama. Painter akatengeneza mashini za kufungia yeye mwenyewe. Mwaka wa 1894 alipata hati nyingine, ya kifungulio cha chupa.

Mmoja wa wauzaji wake aliitwa King Camp Gillette. Painter alimshauri atafute kitu ambacho mtu anakitumia, anakitupa, kisha anarudi kununua kingine. Gillette alishika shauri hilo, na mwaka wa 1904 akapata hati ya wembe wake wa kubadilisha.

Painter alifariki Baltimore Julai 15, 1906. Baadaye koki ya ndani ilibadilishwa na plastiki. Divai nyingi zimebaki na kizibo cha koki ama kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu hazina gesi ya kusukuma. Hata hivyo, huko Champagne, Ufaransa, chupa nyingi zinafungwa kwanza kwa taji la Painter wakati divai inachacha ndani ya pango, kabla ya kupewa koki ya mwisho. Kitu kilichofanywa ili kitupwe kimedumu zaidi ya miaka 130.